Wapi pa Kuchimba: Mwongozo wa Kupima Faiba kwa Mwanga Unaorudi

Katapila la wajenzi wa barabara halichagui. Likizamisha meno mita moja na kitu ardhini, linazoa udongo, mawe na kebo ya nyuzi 48 kwa pamoja, na mji ulio upande wa pili unakosa benki, simu na intaneti kwa mkupuo mmoja. Mwendeshaji pengine hajui alichokikata. Jioni anafukia, anaondoka. Kampuni yenye kebo inajua jambo moja tu: laini ya kilomita 40 kati ya vituo viwili imekufa, na katika barabara inayojengwa udongo mbichi umelala kila mahali.

Hapo ndipo OTDR inapotolewa kwenye begi. Kifaa hiki huchomekwa kwenye ncha moja ya uzi, hurusha mipigo mifupi ya leza, husubiri mwanga unaorudi, na baada ya nusu dakika huchora mstari kwenye skrini na kuandika, tuseme, mita 23,480. Fundi mchanga huishia hapo. Anasoma namba, anawasha gari, anahesabu kilomita kwenye dashibodi, anashuka na kuwaonyesha vibarua pa kuchimba. Wasipokuta kitu, lawama zote zinaiangukia mashine.

Mashine haina kosa. Kinachopimwa na OTDR ni muda, pamoja na kiasi cha mwanga uliorudi katika kila chembe ya muda huo. Umbali ni hesabu inayofanywa baadaye, kwa kutumia namba ambazo fundi mwenyewe kaziingiza au kaziacha kama alivyozikuta. Kati ya mita za skrini na mita za ardhini kuna kazi ya mtu, na ndiyo inayowatofautisha mafundi.

Kinachorudi ni nini

Dereva aliyepita Kimende alfajiri, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, anajua taa kali zinavyofanya ndani ya ukungu. Mwanga kidogo unamrudia usoni kutoka kila tone la hewani, na kibao cha barabarani kikitokeza mbele kinawaka ghafla kwa nguvu. Ndani ya faiba kuna marejeo ya aina hizo mbili.

Aina ya kwanza inatoka katika kioo chenyewe. Hata kiwe safi namna gani, kina tofauti ndogo mno za msongamano zilizogandia humo kilipokuwa kinapoa kiwandani, na kila moja inautawanya mwanga pande zote. Chembe ndogo ya mwanga huo inarudi ulikotoka. Wanafizikia huuita mtawanyo wa Rayleigh, kwa jina la Mwingereza aliyeeleza katika karne ya 19 kwa nini anga ni ya buluu. Aina ya pili inatokea penye mpaka wa kioo na hewa: kwenye konekta, kwenye ufa, kwenye ncha iliyokatika. Hapo mwanga unaakisiwa, na ncha iliyokatwa bapa inarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga wote uliofika. Haya ni maakisi ya Fresnel, Mfaransa.

Tofauti ya ukubwa kati ya marejeo hayo ni ya kutisha. Ukirusha mpigo wa mikrosekunde 1, mtawanyo unaorudi kutoka mwanzo wa laini ni takriban sehemu moja kwa laki moja ya nguvu iliyotumwa, ilhali ncha iliyo wazi inaweza kurudisha sehemu nne kwa mia. Kipokezi kilekile kinatakiwa kivione vyote viwili, na udhaifu mwingi wa mashine hii unaanzia hapo.

Njia hii ilichapishwa mwaka 1976 na Michael Barnoski na S. M. Jensen wa maabara za utafiti za Hughes, California. Mwaka uliofuata Stewart Personick wa Bell Labs akachapisha yake. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua uzi unapoteza mwanga kiasi gani alipima mwishoni, akaukata uzi karibu na mwanzo, akapima tena, kisha akalinganisha. Kipimo cha kukata kinafaa maabara. Kwa kebo iliyokwisha kufukiwa hakifai hata kidogo.

Mwendo wa mwanga ndio rula ya kazi hii. Katika ombwe ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya faiba unashuka hadi kama 204,000, kwa kuwa indeksi ya kioo chake ni takriban 1.468. Safari ya kilomita 1, kwenda na kurudi, inachukua mikrosekunde 9.8. Kwa laini ya kilomita 40 ni mikrosekunde 392, hivyo mashine haiwezi kurusha zaidi ya mipigo 2,500 hivi kwa sekunde. Ikirusha wa pili kabla wa kwanza haujamaliza safari, mirejesho inachanganyikana na mchoro unaharibika.

Kabla ya kubonyeza

Anza na usafi. Kiini cha faiba ya masafa marefu kina upana wa mikromita 9 hivi, na punje ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuziba sehemu yake kubwa. Kagua konekta kwa darubini yake, isafishe kwa kalamu ya kusafishia au kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti safi, kisha ikague tena. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, na mara nyingi ndiyo inayoonyesha kwamba usafi wa kwanza umesogeza tu uchafu kutoka pembeni hadi katikati. Konekta chafu ikichomekwa kwenye mdomo wa OTDR inaukwaruza, na kuanzia siku hiyo kila laini itakayopimwa itaonekana mbovu.

Angalia rangi pia. Konekta za kijani zimesagwa kwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaoakisiwa uponyokee pembeni. Za buluu hazina mshazari. Kijani na buluu havikutani. Vikikutanishwa, mwanga mwingi unapotea na nyuso za kioo zinaweza kuumia.

Kisha hakikisha uzi hauna mwanga wa kazi. Katika kebo iliyokatika nusu, nyuzi nyingine huwa bado zinabeba mawasiliano, na kuchomeka OTDR ya kawaida kwenye uzi ulio hai kunavuruga wateja na kunaweza kuua kipokezi cha mashine. Kipima nguvu ya mwanga kitakuambia ndani ya sekunde mbili. Kwa uzi ulio hai kuna OTDR zenye urefu wa wimbi wa nanometa 1625 au 1650 na kichujio mdomoni; hizo hupima bila kuingilia mawasiliano. Usimulike ncha ya faiba machoni ili kuona kama kuna mwanga. Mwanga wa mawasiliano hauonekani kwa jicho, lakini jicho unaliumiza.

Baada ya hapo unganisha kebo ya kuanzia, uzi mrefu uliokunjwa ndani ya kiboksi, baina ya mashine na laini. Kwa faiba ya masafa marefu urefu wake ni kuanzia mita 150 hadi kilomita 1, kutegemea mpigo utakaotumika. Wengi huiona mzigo wa bure, wakati kazi yake ni kuipa mashine muda wa kufumbua macho. Mpigo unapotoka, akisi ya konekta ya kwanza inakilemea kipokezi, nacho kwa muda hakioni kitu. Mita hizo ambazo mashine haioni ni eneo pofu. Bila kebo ya kuanzia, konekta ya kwanza ya laini inaangukia humo, nayo ni miongoni mwa sehemu zinazochafuka na kuharibika kuliko zote. Anayetaka kujua na hali ya konekta ya mwisho ataunganisha kebo nyingine ya namna hiyo upande wa pili.

Namba nne zinabaki kuchaguliwa.

Urefu wa upimaji uwe mkubwa kuliko laini, kama mara moja na nusu. Muda wa kupima uwe wa kutosha, kwa sababu mashine inajumlisha maelfu ya mirejesho ili kelele zijifute zenyewe. Lakini faida inapungua haraka: ukiuzidisha muda mara nne, kelele inashuka kwa desibeli 1.5 tu. Sekunde 30 zinatosha kutafuta mkato. Dakika tatu ni za ripoti ya kukabidhi laini mpya.

Upana wa mpigo ndio uamuzi mgumu. Mpigo mfupi una macho makali na nguvu kidogo. Mrefu unafika mbali lakini unapaka rangi juu ya mambo madogo. Nanosekunde 10 zinaweza kutofautisha vitu vilivyoachana kwa takriban mita 1. Nanosekunde 100 ni mita 10, mikrosekunde 1 ni mita 100, mikrosekunde 10 ni kilomita nzima. Katika jengo lenye pachi kodi za mita tatu, mpigo wa mikrosekunde 1 ni upofu mtupu. Kwenye laini ya kilomita 80, mpigo wa nanosekunde 10 unazama katika kelele kabla haujafika popote. Fundi mzoefu hapimi mara moja. Anapima kwa mpigo mrefu kuona laini nzima, kisha anapunguza mpigo na kukodolea sehemu anayoishuku.

Kitufe cha kuiachia mashine ijichagulie kila kitu kipo, na kinasaidia kupata picha ya kwanza. Kukitegemea kwa picha ya mwisho ni uvivu. Programu inatafuta mchoro unaopendeza kwa laini nzima, nawe unatafuta mita chache.

Namba ya nne ni indeksi ya kioo, na hiyo inarudi mbele kidogo.

Kuusoma mchoro

Mstari unaanza juu kushoto na kuteremka taratibu kuelekea kulia. Mteremko ni upotevu wa kawaida wa kioo. Kwa faiba ya kawaida ya masafa marefu tarajia takriban desibeli 0.35 kwa kilomita katika nanometa 1310, na 0.20 katika 1550. Laini ya kilomita 40 itapoteza basi desibeli 14 au 8 kabla ya kuhesabu viunganishi. Mteremko ukiwa mkali katika kilomita fulani kuliko nyingine, kebo ya hapo ni ya aina tofauti au inabanwa.

Ngazi ndogo isiyo na mnara (mwinuko mkali wa mwanga ulioakisiwa) ni splaisi, mahali nyuzi mbili zilipounganishwa kwa kuyeyushwa. Splaisi njema inapoteza desibeli 0.05 hadi 0.1. Mnara wenye ngazi baada yake ni konekta au kiunganishi cha kubana. Mnara unaofuatwa na mstari kuporomoka hadi kwenye nyasi za kelele ni mwisho wa uzi, ama mwisho halali au mkato.

Usiusubiri mnara lakini. Uzi uliovunjwa na katapila mara nyingi umepasuka ovyo, au ncha yake imelala ndani ya matope au jeli ya kebo, na akisi haipo. Mstari unadondoka tu, kimya. Programu nyingine hukosa kuuandika mkato wa namna hiyo katika jedwali la matukio, au huuandika mita kadhaa mbele. Ndiyo maana jicho lisome mchoro kwanza, jedwali baadaye.

Mbinu yenye faida kubwa kuliko zote haina gharama: pima kwa urefu wa wimbi wa aina mbili. Splaisi mbovu au konekta chafu inapoteza karibu sawa katika 1310 na 1550. Uzi uliopindwa kupita kiasi, uliobanwa na kifuniko cha jointi au kukazwa na kamba ya plastiki kwenye nguzo, unavuja zaidi katika 1550, na zaidi tena katika 1625. Ukiona ngazi ya desibeli 0.1 katika 1310 na desibeli 1.2 mahali palepale katika 1550, huhitaji mashine ya splaisi. Fungua boksi, legeza uzi, pima tena. Mafundi wamekwisha kukata na kuunganisha upya splaisi nzima zisizo na kosa lolote kwa sababu walipima kwa urefu wa wimbi mmoja.

Mchoro una udanganyifu wake pia. Mizimu ni minara inayotokea pasipo na kitu: mwanga unaakisiwa na konekta kali, unarudi mpaka mdomoni mwa mashine, unaakisiwa tena na kufanya safari ya pili. Mzimu wa konekta iliyo mita 2,000 utatokea mita 4,000. Unautambua kwa umbali huo wa maradufu, na kwa kuwa mstari hauna ngazi baada yake. Kitu kisichopoteza mwanga hata kidogo hakipo kwenye laini. Safisha konekta inayoakisi, na mzimu utaondoka au utafifia.

Cha ajabu zaidi ni splaisi inayoonekana kuongeza mwanga, ngazi inayopanda. Kioo hakizalishi mwanga. Kilichotokea ni kwamba uzi wa upande wa pili unatawanya zaidi kidogo kuliko wa upande wa kwanza, kwa kuwa vipenyo vya mwanga katika nyuzi hizo mbili vinatofautiana, na mashine inatafsiri wingi wa mtawanyo kama wingi wa nguvu. Ukipima kutoka upande mwingine, splaisi hiyohiyo itaonekana mbovu kuliko ilivyo. Ukweli uko katikati. Kama upande A unaonyesha ongezeko la desibeli 0.15 na upande B upotevu wa 0.35, upotevu halisi ni nusu ya 0.35 kutoa 0.15, yaani desibeli 0.10. Mkandarasi anayekabidhi laini kwa vipimo vya upande mmoja amekabidhi nusu ya kazi, na mwenye laini ana haki ya kukataa kusaini.

Kutoka mita za skrini hadi za ardhini

Rudi sasa kwenye mita 23,480.

Kwanza, indeksi. Watengenezaji huiandika katika karatasi ya kebo. Kwa faiba moja inayotumika sana duniani ni 1.4676 au 1.4677 katika 1310 na 1.4682 katika 1550. Kama mtu aliyetumia mashine wiki iliyopita aliiacha kwenye 1.4600, umbali wa kilomita 40 utasomeka mrefu kwa mita 225 hivi. Hata kosa dogo la sehemu moja kwa elfu ni mita 23 katika umbali wa kilomita 23.

Pili, uzi ni mrefu kuliko kebo inayoubeba. Katika kebo nyingi za ardhini nyuzi zimelala ndani ya vijibomba, na vijibomba vimezungushwa kwenye mhimili wa katikati ili kebo ikivutwa nyuzi zisivutike. Mzunguko huo unaongeza urefu wa uzi. Asilimia moja au mbili ni jambo la kawaida, na kebo nyingine huzidi hapo.

Tatu, kebo ni ndefu kuliko njia. Katika kila jointi mafundi huacha mita kumi, kumi na tano, ishirini za akiba, zimekunjwa shimoni au kuning'inizwa kwenye nguzo. Darajani huachwa nyingine. Kebo inapanda na kushuka, inakwepa kalvati, inavuka barabara kwenda upande wa pili na kurudi. Dashibodi ya gari haijui lolote katika hayo.

Ukizijumlisha sababu hizi kuanzia kituoni, kosa linafika mamia ya mita. Usianzie kituoni basi. Anzia kwenye tukio la karibu linalojulikana. Chukua mfano wa kubuni: mchoro wa zamani wa laini hiyo unaonyesha splaisi kwenye mita 22,310, na kitabu cha njia kinasema splaisi hiyo iko katika shimo la jointi kando ya kituo cha mafuta. Mkato basi uko mita 1,170 za uzi mbele ya jointi hiyo. Kosa la indeksi la sehemu moja kwa elfu sasa ni mita 1 badala ya 23. Kama uzi unazidi kebo kwa asilimia 1.5, gawanya 1,170 kwa 1.015: mita 1,153 za kebo. Toa mita 15 za akiba ya jointi upande huo, na 20 zilizokunjwa darajani: mita 1,118. Hapo sasa shika gurudumu la kupimia, anza kwenye mfuniko wa shimo na utembee kwa kufuata kebo inakopita, usifuate lami.

Ikiwezekana, mtu mwingine apime kutoka kituo cha upande wa pili na kufanya hesabu hiyohiyo kutoka jointi ya upande wake. Majibu mawili yakikutana ndani ya mita kumi, watu waanze kuchimba. Yakiachana kwa mita mia, kuna akiba isiyoandikwa, au kebo imekatwa mara mbili, jambo linalotokea sana penye katapila au penye wezi waliodhani ndani kuna shaba: wanakata, wanaona kioo, wanajaribu tena hatua chache mbele.

Ganda la kebo nalo lina msaada wake. Viwanda huchapa namba za mita juu yake. Aliyeandika namba hizo wakati wa kulaza kebo, kwenye kila jointi na kila daraja, amemwachia fundi wa miaka kumi ijayo ramani isiyohitaji asilimia za kukisia. Ukichimba popote na kukuta kebo nzima, soma namba kabla ya kufukia. Itakuambia mkato uko mbele au nyuma, na kwa mita ngapi.

Tena, inua macho. Ukifika karibu na mahali palipokokotolewa, tafuta udongo mpya, nguzo mpya, bomba la maji lililowekwa juzi, alama za moto wa nyasi chini ya kebo iliyoning'inizwa. Muulize mwenye kibanda cha chipsi nani alikuwa akichimba jana. Hesabu imeshakupunguzia kilomita 40 zikawa mita 20. Mita 20 zilizobaki jicho linazimaliza haraka kuliko kifaa.

Penye vigawanyo, na penye bahari

Mitandao ya faiba ya majumbani ina kikwazo chake. Mwanga mmoja kutoka kituoni unagawanywa kwa wateja 32, na kigawanyo cha namna hiyo kinakula desibeli kama 17. Ukipima kutoka kituoni, matawi yote 32 yanarudisha mwanga kwa pamoja na mchoro unakuwa msongamano wa minara isiyojulikana ni ya nani. Mteja mmoja akilalamika na majirani zake wako salama, pima kutoka nyumbani kwake kuelekea kigawanyoni, kwa nanometa 1625 au 1650 na mpigo mfupi. Wengi wakilalamika pamoja, kosa liko kabla ya kigawanyo, na hilo hata bila OTDR limeshajulikana.

Baharini kazi inabadilika sura. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika nje ya pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban, na intaneti ikazorota pwani yote ya mashariki. Tanzania iliumia sana, na Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji na Malawi nazo zikaguswa. Mwezi Februari 2012, nanga ya meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa iliukata mkongo wa TEAMS. Mikongo ya namna hii ina vikuza mwanga kila baada ya kilomita 60 hadi 100, na ndani yake mna vizuizi vinavyopitisha mwanga upande mmoja tu. Mpigo wa OTDR ya kawaida unaenda. Mtawanyo wake unagonga ukuta kwenye kikuza cha kwanza na haurudi. Mashine ya kawaida inafaa kutoka kituo cha ufukweni hadi kikuza hicho, basi.

Kwa kilomita zinazobaki, vikuza hujengewa njia ya pembeni inayouhamisha mtawanyo kwenye uzi wa pili wa jozi, ule unaorudi pwani, na mashine maalumu hutofautisha mwanga wake na kelele za vikuza kwa kuulinganisha na leza yake yenyewe. Wahandisi hupima pia umeme unaolisha vikuza, kwa sababu mkato unaogusa maji ya chumvi unabadilisha volti, na badiliko hilo linadokeza umbali. Hata huko mita za skrini si mita za ramani. Kebo hulazwa ikiwa imelegea kidogo ili iinamie mabonde ya sakafu ya bahari, kwa hiyo meli ya ukarabati inategemea kumbukumbu za siku kebo ilipolazwa sawasawa na fundi wa nchi kavu anavyotegemea kitabu cha njia.

Baada ya kuunganisha

Mkato wa katapila haufungwi kwa splaisi moja. Kebo iliyovutwa imeumia mita kadhaa kila upande, na nyuzi zinaweza kuwa na nyufa ambazo leo zinapitisha mwanga na baada ya mvua mbili hazitapitisha. Kata hadi kwenye kebo nzima, tia kipande kipya katikati, weka jointi mbili. Fuata mpangilio wa rangi: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, na buluu ya maji. Uzi wa kijivu na mweupe hukanganya sana usiku chini ya tochi. Mwanga uwe wa kutosha, au subiri. Vipande vya kioo vilivyokatwa viingie kwenye chupa yenye kifuniko, visiachwe shimoni wala kwenye nguo, na chakula kisiliwe hapo.

Kabla ya kufunga jointi, mtu aliye kituoni apime kila uzi, kwa 1310 na 1550. Splaisi ya desibeli 0.4 inarudiwa wakati mikono bado imo ndani ya boksi. Ikigunduliwa kesho, ni safari nyingine na shimo jingine. Baada ya kifuniko kukazwa, pima tena kwa 1550, kwa sababu kufunga ndiko kunakobana nyuzi.

Mchoro uhifadhiwe kwa faili la sor, ambalo hufunguliwa na programu za watengenezaji karibu wote, likiwa na jina la laini, namba ya uzi, upande uliopimwa, urefu wa wimbi na tarehe. Picha ya skrini iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp haitoshi. Haiwezi kukuzwa wala kuwekwa juu ya mchoro mwingine kulinganishwa. Kama kipande kilichoongezwa kina mita 30 za uzi na kebo iliyotupwa ilikuwa mita 12, kila jointi iliyo mbele ya hapo imesogea mita 18 kwenye skrini, na mchoro wa zamani kuanzia mahali hapo haufai tena kutafutia mkato. Andika hilo kwenye kitabu cha njia siku ileile, pamoja na namba za mita zilizosomwa kwenye ganda na mahali zilipo jointi mbili mpya.